Boris Karloff: Zimwi Lililodai Haki ya Mfanyakazi

Agosti 1931, katika studio za Universal huko California, mwigizaji mwenye umri wa miaka 43 alikuwa akiketi kila alfajiri na kumkabidhi uso wake fundi aitwaye Jack Pierce. Kwa muda wa saa 4 hivi, Pierce alimjengea kichwa bapa kwa pamba na gundi, akamkandika rangi ya kijivu yenye ukijani ambayo katika filamu ya nyeusi na nyeupe ilionekana kama ngozi ya maiti, kisha akambandika vyuma viwili shingoni. Mwigizaji naye alikuwa na mchango wake. Aliona macho yake yamechangamka mno kwa mtu aliyefufuliwa, akapendekeza kope zake zipakwe nta ili zilegee. Akatoa meno yake ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee. Baada ya hapo alivaa suti nzito na mabuti yenye uzito wa kilo 5 au zaidi kila moja, akaingia kazini chini ya taa kali, katikati ya joto la kiangazi.

Filamu hiyo ni Frankenstein. Ilipotoka Novemba mwaka huo, orodha ya waigizaji inayofungua filamu iliweka alama ya kuuliza mahali pa jina lake. Kwenye onyesho la uzinduzi hakualikwa. Haikuchukua muda watazamaji wakataka kujua ni nani aliyekuwa ndani ya mwili ule, na jibu likaenea duniani: Boris Karloff.

Wengi wanamkumbuka kwa uso ule, na uso ule unastahili kukumbukwa. Lakini maisha yake yana funzo kubwa zaidi. Karloff aliamini kwamba kutisha watu ni kazi kama kazi nyingine yoyote, yenye jasho, ufundi, ujira na haki zake. Alipopata jina, alilitumia kuwatetea wenzake ambao hawakuwa nalo.

Kitinda mimba wa familia ya maofisa

Jina alilopewa na wazazi wake ni William Henry Pratt. Alizaliwa tarehe 23 Novemba 1887 kusini mwa London, akiwa wa mwisho katika familia ya watoto tisa. Baba yake alikuwa ametumikia idara ya ushuru wa chumvi katika India ya kikoloni, na familia ilikuwa na mchanganyiko wa damu ya Kihindi. Ngozi yake ya maji ya kunde ilimtofautisha na watoto wenzake wa Kiingereza, na baadaye ingeamua aina ya kazi atakazopewa Hollywood. Alikuwa na matege, alikuwa na kigugumizi, na alitamka herufi ya S kwa kitembe ambacho hakikumtoka hadi kufa.

Malezi yake yaliangukia mikononi mwa kaka na dada zake wakubwa. Njia ya familia ilikuwa imekwisha chorwa: watoto wa kiume waliingia katika utumishi wa dola ya Kiingereza ng'ambo. Kaka yake mmoja, John Pratt, alipanda ngazi hadi kuwa mwanadiplomasia mashuhuri wa masuala ya China na kupewa cheo cha Sir. William naye alipelekwa King's College, London, kujiandaa kwa kazi ya ubalozi. Moyo wake haukuwa huko. Kaka mwingine, aliyeitwa George, alikuwa amejaribu uigizaji kwa muda na kuuacha, na mfano wake ulikuwa umemtia kitinda mimba hamu isiyozimika. Mwaka 1909, akiwa na miaka 21, aliacha masomo akapanda meli kwenda Kanada.

Huko alianza na jembe. Alifanya kibarua shambani katika jimbo la Ontario, kisha akaelekea magharibi, British Columbia, akachimba mitaro na kubeba mizigo. Mwaka 1911 alijiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikizunguka miji midogo. Wakati huo alikuwa amejipa jina la Boris Karloff, kwa sababu aliona Pratt si jina la kupamba mabango. Hakulibadilisha kisheria. Mikataba yake aliendelea kuitia sahihi kwa majina yote mawili.

Tarehe 30 Juni 1912 kimbunga kikali kiliupiga mji wa Regina, katika jimbo la Saskatchewan, na kuua watu 28. Karloff na wenzake walikuwa mjini humo. Kikundi kilisambaratika, naye akajiunga na waliokuwa wakiondoa vifusi. Baadaye alipata nafasi katika kikundi kingine, ambacho kiliweka kambi kwa mwaka mzima katika mji wa Minot, North Dakota, kikiigiza katika ukumbi uliokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mchezo ulibadilishwa mara kwa mara, maneno yalikaririwa usiku, na mshahara ulikuwa wa kubahatisha. Kijana aliyeingia jukwaani bila kujua hata pa kusimama alijifunza ufundi wake hapo, mchezo baada ya mchezo.

Miaka kumi ya kusimama nyuma

Alifika Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1910. Mwaka 1919 alionekana katika filamu ya Douglas Fairbanks iitwayo His Majesty, the American, akiwa mmoja tu katika umati. Kwa miaka zaidi ya kumi iliyofuata alikuwa jangili, Mwarabu, Mhindi, mwindaji wa Kifaransa wa misituni, mlinzi, mwizi. Kwa kuwa ngozi yake haikuwa nyeupe ya kutosha kumpa nafasi ya shujaa, studio zilimpa kila mhusika aliyeitwa mgeni. Kazi zilipokatika alipakia na kuendesha lori la vifaa vya ujenzi.

Katika miaka hiyo ya shida alikutana na Lon Chaney, bingwa wa filamu bubu ambaye alijulikana kwa kubadili uso na mwili wake katika kila filamu. Karloff alipenda kusimulia jinsi Chaney alivyompa lifti siku moja akamwusia atafute kitu ambacho mwingine hawezi au hataki kukifanya, kisha akifanye kitu hicho kwa ukamilifu. Ulikuwa ushauri wa mtu aliyeyajua maisha ya kibarua wa filamu, na Karloff aliushika.

Nafasi ilijitokeza kupitia jukwaa. Mwaka 1930 aliigiza mfungwa mlipiza kisasi katika mchezo wa The Criminal Code, na Howard Hawks alipouongoza kuwa filamu mwaka uliofuata alimchukua. Watu wa studio wakaanza kumwangalia kwa jicho jipya. James Whale, mwongozaji Mwingereza, alimwona akila chakula katika kantini ya Universal akavutiwa na umbo la kichwa chake. Zimwi la Frankenstein lilikuwa limekusudiwa Bela Lugosi, nyota wa Dracula, lakini mpango huo ulivunjika. Karloff, ambaye tayari alikuwa ameonekana katika filamu takriban 80, hakuwa katika hali ya kuchagua kazi. Alikubali.

Kiumbe kisicho na maneno

Zimwi la Whale halisemi. Linaunguruma, linalia, linanyoosha mikono. Katika onyesho moja paa linafunguliwa, mwanga unaliangukia kwa mara ya kwanza, nalo linainua viganja kana kwamba mwanga unaweza kushikwa. Mwanga unapozimwa, mikono inabaki ikiomba. Karloff alifanya hayo yote akiwa na uso uliozibwa kwa gundi na miguu iliyofungwa kwa uzito. Silaha zake zilikuwa macho na mikono tu, na kwa hizo alimwonyesha mtazamaji mtoto mchanga aliyezaliwa katika mwili wa mtu mzima na kukataliwa na aliyemuumba.

Onyesho lililoleta ubishi mkubwa ni lile la ziwani. Zimwi linakutana na Maria, msichana mdogo ambaye haliogopi. Wanacheza kwa kurusha maua majini na kuyatazama yakielea. Maua yanapokwisha, zimwi, likidhani mtoto naye ataelea, linamrusha. Karloff hakupenda onyesho hilo liishie hivyo, lakini Whale alishikilia. Wakaguzi wa filamu wa sehemu mbalimbali walilikata, na mkato wao ukaharibu zaidi, kwa sababu watazamaji waliona mikono ikimwelekea mtoto, kisha baba akiibeba maiti, wakabaki kuwaza ovu kuliko lililotendeka. Ilichukua miaka mingi, hadi miaka ya 1980, kipande hicho kurudishwa.

Mtoto aliyeigiza Maria, Marilyn Harris, hakumwogopa Karloff hata akiwa na mapambo yake kamili. Inasimuliwa kwamba siku ya kwenda ziwani alichagua kupanda gari moja naye. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na watoto walilijua zimwi hili mapema kuliko wahakiki. Kwa miaka mingi waliendelea kumwandikia Karloff barua za kulihurumia.

Mwili wake ulilipia sifa hizo. Kuelekea mwisho wa filamu zimwi linambeba muumba wake, aliyeigizwa na Colin Clive, kupanda mlima hadi kwenye kinu cha upepo. Whale alimrudisha Karloff kulipiga upya onyesho hilo mara nyingi, akiwa amembeba mtu mzima begani. Mgongo uliumia na haukupona tena kikamilifu. Siku moja ya kazi, kwa simulizi iliyokuja kuwa maarufu Hollywood, iliendelea kwa saa 25 mfululizo. Hakukuwa na kanuni iliyoizuia studio kufanya hivyo.

Kadi namba 9

Machi 1933, wakati mabenki ya Marekani yalipofungwa katika mtikisiko wa uchumi, studio kubwa zilitangaza kukata mishahara ya waigizaji kwa nusu kwa muda wa wiki nane. Waigizaji wachache walianza kukutana kwa siri majumbani mwao. Siri ilikuwa lazima, maana studio iliyokasirika ingeweza kummaliza mtu kikazi kwa kupiga simu chache tu. Miongoni mwao alikuwa Karloff. Tarehe 30 Juni 1933 chama chao, Screen Actors Guild, kiliandikishwa rasmi, na kadi yake ya uanachama ilikuwa namba 9.

Ni vyema kutafakari uzito wa hatua hiyo. Mtu huyu alikuwa amengoja zaidi ya miaka 20 ili ajulikane. Sasa jina lake, KARLOFF, lilichapwa peke yake kwa herufi kubwa kwenye mabango. The Mummy ya mwaka 1932, iliyoongozwa na Karl Freund, ilikuwa imemfunga sanda na kumkalisha kwenye kiti cha Pierce kwa saa 8 siku ya onyesho la kufufuka, na ilikuwa imevuta watu wengi. Angeweza kukaa kimya na kula matunda ya jasho lake. Badala yake aliwafuata wenzake mahali pa kazi akawashawishi wajiunge, hasa wale wa nafasi ndogo ambao aliyajua maisha yao kwa kuyaishi. Mwaka huohuo wa 1933 aliondoka Universal kwa mgogoro wa nyongeza ya mshahara iliyoahidiwa na kuahirishwa, mpaka studio ikamrudisha kwa mkataba bora.

Mwaka 1937 watayarishaji walisalimu amri na kutia sahihi mkataba na chama. Kwa mara ya kwanza mwigizaji wa Hollywood alikuwa na kima cha chini cha malipo kilicholindwa na haki ya kupumzika kabla ya kuitwa tena kazini. Karloff aliendelea kukaa katika bodi ya chama hicho mpaka miaka ya 1950 ilipoanza.

Kazi zake za kipindi hicho hazikuwa zote za kujivunia. The Mask of Fu Manchu, ya mwaka 1932, ilimvalisha sura ya Mchina katili aliyebuniwa kwa chuki za Wazungu dhidi ya watu wa Asia. Mtu mwenye damu ya Kihindi, aliyenyimwa nafasi kwa rangi yake, aliajiriwa kuwachafua watu wengine wa Asia, huku kaka yake London akishughulikia uhusiano wa Uingereza na China. Kuipenda sanaa ya Karloff hakutuzuii kusema kwamba filamu hiyo ni doa.

Mwaka 1933 alirudi Uingereza kupiga filamu ya The Ghoul. Ilikuwa miaka 24 tangu aondoke, na alihofu kuwa kaka zake, maofisa wenye heshima zao, wangeona aibu kupigwa picha na mtu aliyejulikana kwa kutisha. Walipokutana na wapiga picha, maofisa hao waligombea nafasi nzuri ya kusimama.

Kuliaga zimwi kwa heshima

Bride of Frankenstein, mwaka 1935, ililirudisha zimwi. Safari hii lilipewa maneno machache. Karloff alipinga, akiamini kwamba ukimya ndio uliokuwa moyo wake. Wahakiki wengi wanaiona filamu hiyo kuwa bora kuliko ya kwanza, na maneno hayo machache, hasa yale ya kumtaka rafiki, yanachoma hadi leo. Hata hivyo hoja yake ilikuwa na msingi: kadiri zimwi lilivyozidi kuchezewa na waandishi, ndivyo lilivyopoteza ubinadamu. Baada ya Son of Frankenstein, 1939, aliamua kutolicheza tena kwenye filamu za sinema. Studio ilipomkabidhi Glenn Strange nafasi hiyo mwaka 1944, katika filamu ambayo Karloff aliigiza mwanasayansi, mkongwe alimfundisha mrithi namna ya kutembea na kusimama. Zimwi halikuwa lake tena, lakini ufundi wake hakuuficha.

Januari 1941 alipanda jukwaa la Broadway kwa mara ya kwanza, katika tamthilia ya kuchekesha ya Arsenic and Old Lace. Aliogopa mno hadi kigugumizi cha utotoni kikarudi mazoezini. Mhusika wake, Jonathan, ni muuaji anayekasirika kila anapoambiwa kuwa amefanana na Boris Karloff, na watazamaji walivunjika mbavu kila usiku. Mchezo ulionyeshwa mara 1,444 kwa jumla. Ulipotengenezwa kuwa filamu, waliokuwa wakimiliki mchezo hawakumwachia, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijaza ukumbi. Kwenye filamu nafasi yake ilichukuliwa na Raymond Massey.

Alipata uhai mpya wa sinema kwa Val Lewton, mtayarishaji wa RKO aliyejua kutisha kwa kivuli na sauti bila gharama kubwa. Mwaka 1944 upigaji wa Isle of the Dead ulisimamishwa ili Karloff afanyiwe upasuaji wa mgongo. Aliporudi kazini alianza na The Body Snatcher, chini ya mwongozaji Robert Wise, kabla ya kuimalizia ile ya kwanza. Katika The Body Snatcher anaigiza mwendesha kigari wa Edinburgh anayeiuzia shule ya udaktari maiti alizozifukua. Anatabasamu, anampenda farasi wake, anambembeleza mtoto mgonjwa, na anaua. Anayetaka kujua uwezo halisi wa Karloff bila vyuma vya shingoni aanzie hapo. Bela Lugosi ana nafasi ndogo katika filamu hiyo. Ilikuwa mara ya mwisho kwa wawili hao kuonekana pamoja.

Uzee bila kustaafu

Alivuka miaka 60 bila kupunguza mwendo. Mwaka 1950 alikuwa Kapteni Hook katika Peter Pan jukwaani New York, na watoto wakajaa kumwona nyuma ya pazia. Mwaka 1955 aliigiza Askofu Cauchon katika The Lark, pamoja na Julie Harris, na akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Alikuwa mtangazaji wa mfululizo wa televisheni wa Thriller kuanzia 1960 hadi 1962. Mwaka 1966 sauti yake yenye kitembe ilisimulia katuni ya How the Grinch Stole Christmas!, na rekodi yake ikapata tuzo ya Grammy kwa watoto. Mzee aliyekuwa ametisha kizazi cha babu zao akawa sauti ya sikukuu kwa wajukuu.

Mapafu yake yalikuwa yamechakaa, na mguu ulitegemea chuma. Ndipo Peter Bogdanovich, mwongozaji chipukizi, alipopewa kazi na Roger Corman kwa sharti la ajabu: Karloff alikuwa akidaiwa na Corman siku chache za kazi kimkataba, naye Bogdanovich azitumie. Kutoka hapo ilizaliwa Targets, ya mwaka 1968. Karloff, akiwa na miaka 80, anaigiza Byron Orlok, nyota mzee wa filamu za kutisha anayeamua kuacha kwa kuwa mauaji ya kweli mitaani yameyapita mazimwi yake. Wakati huohuo kijana mpole wa familia njema ananunua bunduki. Kwenye onyesho moja Orlok anasimulia ngano ya kale kuhusu mtu aliyekimbilia Samarra kumkwepa Mauti. Karloff aliisimulia yote kwa mkupuo mmoja, bila kukosea, na mafundi waliokuwepo wakampigia makofi.

Wengi wangeishia hapo. Yeye alikubali filamu nyingine nne za Mexico, na kwa kuwa hewa nyembamba ya Mexico City ingemdhuru, maonyesho yake yalipigwa Los Angeles. Kati ya onyesho moja na jingine alikaa kwenye kiti cha magurudumu akivuta oksijeni. Alifariki dunia tarehe 2 Februari 1969, katika hospitali ya Midhurst, kusini mwa Uingereza, akiwa na miaka 81.

Deni letu kwake

Hakuteuliwa hata mara moja kuwania Oscar. Tasnia ya filamu hupokea kwa furaha fedha za filamu za kutisha na kuzinyima heshima, na dhuluma hiyo ni ya tangu wakati wake. Posta ya Marekani ilimweka kwenye stempu mwaka 1997 kwa sura ya zimwi na ya mfu wa Misri wa The Mummy, na kila Oktoba sura ile ya kichwa bapa huuzwa duniani kama kinyago cha plastiki.

Urithi wake mkubwa uko katika chama alichokianzisha na wenzake. Mwaka 2012 kiliungana na chama cha wasanii wa televisheni na redio kuwa SAG-AFTRA, na mwaka 2023 wanachama wake waligoma kwa siku 118. Moja ya madai yao makuu lilikuwa kwamba studio zisinakili uso na mwili wa mwigizaji kwa kompyuta bila ridhaa yake na bila malipo. Dai hilo Karloff angelielewa mara moja. Uso wa zimwi ulichorwa na Pierce, ukamilikiwa na Universal, lakini mikono ile iliyonyooshwa kuuomba mwanga ilikuwa ya mfanyakazi mwenye mgongo unaouma, ambaye studio haikuona haja ya kuandika jina lake. Alidai jina, akadai saa za kulala, kisha akawadai na wenzake vilevile. Anayetutisha gizani kwa ustadi amefanya kazi, na haki yake ni ileile ya kila mfanyakazi: ajulikane kwa jina, apumzike, na alipwe.